Chapa ya Gene

Dale Farnham aliileta bunduki ya Gene ikiwa imeviringishwa kwenye taulo la jikoni, akaiweka juu ya benchi la Loretta Pasnik kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya supu. Ilikuwa katikati ya Aprili, mwaka 1996. Theluji ya mwisho ilibaki upande wa nyuma wa gereji tu, na Loretta alikuwa ameacha mlango wazi ili apate hewa.

"Nataka ing'ae mpaka mtu akiinama ahesabu kope zake," Dale alisema. "Gene anastahili hivyo."

Ilikuwa bunduki ya mchezo, ya kufyatua vidonge vya rangi, na wachezaji wenyewe hawataki hata iitwe bunduki. Wao husema marka, na ukikosea wanakusahihisha kwa upole unaoudhi. Loretta aliendelea kuiita bunduki makusudi miaka yote hiyo, kwa sababu aliona raha kufundishwa maneno na wanaume wazima wenye matope masikioni. Yeye hakuwahi kucheza. Mdogo wake, Gene, ndiye aliyepanda kilimani kwa Dale kila Jumapili ya kiangazi kwenda kupigana rangi, na Loretta akabaki nyumbani kumchemshia viazi vya chumvi. Sasa Gene alikuwa na miaka sita kaburini. Moyo ulimsimama akiwa na koleo la theluji mkononi, hatua nne kutoka mlangoni.

Bunduki aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa mchonga kalibu kwenye kiwanda cha vijiko na uma kule bondeni, kiwanda kilekile ambacho Loretta alimaliza miaka ishirini na sita katika idara ya kung'arisha, mpaka walipofunga milango wakampa kila mfanyakazi kipande cha keki. Mwaka 1987, wakati wenzake wa msituni walikuwa na marka za shaba na alumini, Gene aliokota kipande cha chuma kisichoshika kutu kwenye mabaki ya kiwandani, akashuka nacho kwenye chumba cha chini ya nyumba. Miezi minne Loretta alisikia mashine ya kukereza ikilia chini ya miguu yake kila alipoosha vyombo. Gene hakuwa msemaji. Alipomaliza alimpa Dale aichezee, akaendelea na marka yake ya zamani ya shaba, na Dale akaizungushia utepe wa kijani kuanzia mtutu mpaka mshikio, kwa maana msituni kitu kinachong'aa ni kuomba kupigwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekiona chuma chenyewe.

Siku hizi, Dale alieleza, mambo yamebadilika. Vijana wanacheza kwenye uwanja wa wazi na wanataka kila kitu kimeremete. Jumapili ya mwisho ya mwezi angefungua msimu, na mtu wa gazeti la mchezo angekuja kutoka mjini na kamera yake. Bunduki ingewekwa kwenye kabati la kioo pale klabuni, na chini yake kibao cha shaba cha kumkumbuka Gene. Alisema hayo akimtazama Loretta machoni, na Loretta akajipangusa pua kwa aproni. Dale alisoma darasa moja na Gene tangu wana miaka minane. Alibeba jeneza. Baada ya mazishi alikuja na pikapu, akamsaidia kuondoa vitu vya chumba cha chini, na michoro ya Gene akaichukua yeye ili isiozee kwenye unyevu. Kila Novemba alileta mguu wa kulungu. Ungemwuliza Loretta siku ile kama ana ndugu aliyebaki duniani, angekutajia Dale bila kufikiri.

Alipoitoa bunduki kwenye taulo aliona gundi nyeusi ya utepe imeganda kila mahali, na ubavuni, juu ya kifyatuo, palikuwa na mikwaruzo mibaya ya upana wa vidole viwili.

"Na hapa umefanya nini?"

"Iliniponyoka kwenye jiliwa, nilipokuwa nimeibana nitoe utepe," Dale alisema. "Utaiweza?"

Loretta alipitisha kidole. Mikwaruzo ilikuwa mifupi, yenye kina, na yote ililala upande mmoja. Kitu kikiponyoka kwenye jiliwa huacha mkwaruzo mmoja mrefu wa kijinga, hakiachi thelathini iliyojipanga. Aliliona hilo. Mkono wake ulilijua kabla kichwa hakijauliza. Lakini aliyesimama mbele yake alikuwa Dale, kwa hiyo alimtania tu kwamba Mungu alimpa mikono ya kushikia bia, akamfukuza gerejini kwake.

Kazi ilimchukua siku tisa. Watu hudhani kung'arisha ni kusugua na kitambaa mpaka uchoke. Kung'arisha ni kukwaruza. Unaanza na msasa mkali unaoondoa mikwaruzo mikubwa, kisha msasa laini zaidi, na kila unapobadilisha msasa unabadilisha na upande: huu wa urefu, unaofuata wa mapana, mpaka mistari ya kwanza isionekane hata moja. Mwenye haraka huruka msasa mmoja, akadhani ameokoa saa mbili. Akifika kwenye gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia, ule mstari alioukimbia unamtokea katikati ya mng'aro, na inabidi aanze upya. Loretta hakuwahi kuruka msasa. Miaka ishirini na sita hakuna uma hata mmoja uliorudishwa wenye namba yake.

Pale ubavuni palimla siku tatu peke yake. Alikaa kwenye kigoda, redio inaongea mambo yake, akasugua huku na kule, maji yakitiririka kijivu mpaka viwikoni. Wakati mwingine aliongea na Gene. Alimwambia amechagua chuma kigumu kama kichwa chake. Siku ya nane alivaa glavu na barakoa, akawasha gurudumu, akashikilia bunduki chini ya kitovu cha gurudumu kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tisa, maana ukiipandisha juu inanyakuliwa na kurushwa ukutani. Uso ulimgeuka mweusi kwa dawa. Siku ya tisa aliifuta kwa unga wa chokaa na kitambaa cha flaneli, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, na ndani ya chuma akaliona lile jicho lake la kushoto lenye kope tatu nyeupe. Alizihesabu. Alifurahi, tena alifurahi kwa kiburi, na hakuona sababu ya kukificha.

Alhamisi ya wiki ile alikwenda kwenye duka la vikombe vya ushindi la Bernice Tubbs, amembebea biskuti, aone kibao kabla ya watu wengine. Bernice alikitoa kwenye droo akakipangusa kwa mkono wa sweta. Alisema Dale anakipitia kesho. Loretta alivaa miwani.

Kibao kilisema: MARKA YA KWANZA YA CHUMA KISICHOSHIKA KUTU KATIKA MILIMA HII. IMEBUNIWA NA KUTENGENEZWA NA DALE R. FARNHAM, 1987.

Alisoma mara mbili. Aligeuza nyuma, kana kwamba jina la Gene lingekuwa upande wa pili. Bernice aliuliza kama kuna herufi iliyokosewa, na Loretta akasema hapana, herufi zote ni nzuri, akaacha biskuti juu ya kaunta na kutoka nje bila koti lake. Bernice ilibidi amkimbilie nalo.

Jioni alimpigia Dale simu. Alijilazimisha kusema kwa sauti ya kila siku.

"Kile kibao cha Gene, umeandikisha nini?"

"Utaona Jumapili," Dale alisema. "Chukua leso, dada. Utalia."

Hata kikohozi kidogo cha aibu hakikumtoka. Loretta aliweka simu chini, akakaa kwenye kiti cha jikoni, na kwa mara ya kwanza akayapanga mambo moja baada ya jingine: michoro iliyochukuliwa ili isioze, utepe usiotolewa miaka tisa, mguu wa kulungu kila Novemba. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na miaka sita yote alishukuru. Angesema nini sasa? Michoro hana. Wachezaji wa zamani wengi wamehamia mbali, na Gene mwenyewe hakujisifia hata kwa paka. Angesimama mbele ya watu aseme mdogo wangu ndiye aliyeitengeneza, nao wangempigapiga bega na kumletea kahawa. Dada mwenye majonzi. Kitu kimoja tu kingeweza kumsemea Gene, chapa yake, kwa sababu Gene alipiga chapa kila alichotengeneza. Alipiga chapa kwenye fimbo ya mama yao ya kusukumia unga. Alipiga chapa kwenye bawaba ya choo.

Sasa kwenye bunduki ilikuwa wapi?

Ndipo alipoikumbuka ile mikwaruzo mifupi iliyojipanga. Ile ilikuwa alama ya tupa. Dale alisaga chapa ya Gene kwa tupa, akamletea dada yake Gene amalizie. Na yeye aliimalizia kwa siku tatu, huku akiongea na marehemu. Loretta alilia pale jikoni, kilio kibaya chenye makamasi, na kilichomliza zaidi ya jina ni mikono yake mwenyewe.

Lakini mkono uliofanya kazi miaka ishirini na sita unajua mambo mengine pia. Zamani mahoteli yalikuwa yakirudisha uma za zamani kiwandani zifutwe jina na kupigwa jina jipya. Mnasugua jina, mnang'arisha, uma unatoka kama kioo. Kisha unatumbukizwa kwenye tindikali ya kusafishia, na jina la hoteli iliyokufa linarudi juu, la kijivu, likiwatazama. Msimamizi aliliita mzuka. Aliwafundisha kwamba nyundo ikipiga herufi, chuma cha chini yake nacho kinabanwa. Utaisugua herufi yote iishe, ila mbano unabaki, na tindikali inaula kwa namna yake. Ndiyo maana uma za namna hiyo walikatazwa kuzitia kwenye tindikali, na kila mng'arishaji mgeni alisahau mara moja na kutukanwa.

Jumamosi asubuhi Loretta alitoa betri ya gari, akafunga nyaya mbili ili umeme uitie tindikali nguvu, mmoja kwenye bunduki, na kwenye ncha ya wa pili akazungushia pamba na kuichovya kwenye tindikali. Bunduki ilikuwa nzuri mno. Alisimama nayo muda mrefu, kwa sababu hajawahi kuharibu mng'aro kwa makusudi, na huu ulikuwa bora kuliko yote aliyowahi kufanya. Kisha akaigusisha pamba ubavuni, juu ya kifyatuo, na kuanza kufuta taratibu.

Kwanza palififia, pakawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alitegemea herufi mbili, G na P, basi. Zikaja nyingine. Zilikuja kwa zamu, moja baada ya nyingine, mstari wa kwanza halafu wa pili, zimepinda kidogo kulia kama Gene alivyozoea kuzipiga, kwa sababu hakuwahi kukubali kwamba anahitaji miwani. Loretta aliosha tindikali kwa maji ya soda, akakausha, akasogea mlangoni.

KWA DALE, MKONO WANGU WA KULIA. G. PASNIK ALIITENGENEZA. 1987.

Kumbe haikuwa ya kuazima. Ilikuwa zawadi. Gene, ambaye siku ya kuzaliwa ya dada yake alimwekea kadi mezani bila kuandika kitu ndani, alikaa chini akapiga maneno yote yale kwa nyundo, herufi moja moja, kwa ajili ya mtu huyu. Na mtu huyu aliyafunika kwa utepe wiki ileile, na miaka tisa baadaye akayasaga, jina lake mwenyewe likiwemo, ili abaki na sifa yote peke yake. Angesema tu rafiki yangu alinitengenezea, mlima mzima ungemwonea wivu. Loretta aliona hasira yake ikiacha kuwa ya moto. Ilikaa kifuani, nzito na tulivu, akafanya nayo kazi. Aliugusa upya mng'aro pande zote za lile doa la kijivu, akaiviringisha bunduki kwenye flaneli na kuifunga kwa kamba.

Jumapili klabu ya Dale ilijaa harufu ya kahawa na matope. Ukimtoa Dale, wachezaji walikuwa kumi na wawili: vijana kumi na mmoja, na Stan Mroz wa goti bovu, mzee pekee aliyebaki katika timu ya mwanzo. Kabati la kioo lilikuwa ukutani, tupu, na kibao chini yake. Kila aliyeingia alikisoma. Stan alikisoma kwa muda mrefu, akamtazama Loretta, kisha akatazama kahawa yake. Ukutani, juu ya meza kubwa, kulikuwa na ubao wa rangi nyekundu ambao Dale mwenyewe aliuandika mwaka ule kijana mmoja aliponusurika kupoteza jicho: HAKUNA MARKA INAYOTOKA MEZANI KABLA YA MIKONO YOTE. Kila msimu ulianza hivyo. Wachezaji wanasimama mstari, kila marka ikiwa haina gesi wala vidonge inapita mkono kwa mkono, kila mtu anaigeuza, anaitazama pande zote, anasema nimeona, anampa wa pili. Mwenye marka anasema nimeona wa mwisho, na mpaka aseme hakuna kinachoanza. Dale alikuwa mkali kwa hilo. Aliwahi kumrudisha nyumbani padri aliyeleta marka yake amechelewa mstari.

Dale alikata kamba, akafungua flaneli. Mwanga wa dirishani uliruka darini na vijana wakaguna kwa kutamani. Kisha akaliona doa. Loretta alikuwa hatua tatu tu, na alimwona anasoma. Kidole gumba cha Dale kilipanda polepole kwenye ubavu wa bunduki kikakaa juu ya maneno.

"Kuna nini hapo?" mtu wa gazeti aliuliza, akiinua kamera.

"Doa tu," Dale alisema, akacheka. "Dada yetu anazeeka. Mkono si ule wa zamani, hakumaliza kazi. Tutapiga upande wa pili."

Vijana wawili walicheka naye, bila ubaya. Loretta alihisi masikio yakimwaka. Alidhani amekwisha kuumia, kwamba baada ya kibao na tupa hakuna mahali pengine pa kumchoma, na bado mtu huyu alipapata. Angeweza kumpigia kelele. Badala yake alinyoosha mkono kuelekea ubaoni.

"Mikono yote, Dale."

"Hii ni ya kabatini, Loretta. Haiendi msituni."

"Ubao hausemi inakwenda wapi," Stan alisema, akiweka kikombe chini. "Unasema meza. Lete."

Watu walikwisha anza kujipanga, kwa mazoea, miguu yao inajua. Dale alitazama mstari wote kwanza, kisha akainua kidole na kumpa Stan bunduki.

Stan aliipandisha miwani kwenye paji la uso, akaiinamisha bunduki kwenye mwanga. Midomo yake ilicheza. Alisoma mpaka mwisho, akaangalia kibao ukutani, akarudi kusoma tena.

"Nimeona," alisema, akampa msichana aliyemfuata.

Msichana alisoma. Alianza kutabasamu kwa lile neno la mkono wa kulia, halafu naye akageuka kutazama kibao. Akasema nimeona, kwa sauti ndogo. Wa tatu alikuwa mmoja wa wale waliocheka, na huyo alimwangalia Loretta badala ya kibao, akainamisha kichwa. Ikaenda hivyo. Hakuna aliyesoma kwa sauti wala kuuliza, kwa sababu kwenye mstari hakuzungumzwi neno jingine, na hiyo pia ilikuwa sheria ya Dale. Nimeona. Nimeona. Mtu wa gazeti alishusha kamera yake, naye akasogea mwisho wa mstari, akaipokea, akaisoma.

"Nimeona," alisema, ingawa hakuna aliyemlazimisha.

Ikamrudia Dale. Aliishika kama alivyoileta gerejini, kwa mikono miwili, ila sasa uso wake wote ulikuwa ndani ya chuma, na maneno ya Gene yamempita juu ya shavu. Kumi na watatu walikuwa wamesema. Msimu mzima ulisimama ukimsubiri yeye.

"Ningekueleza," alimwambia Loretta.

"Jina lako lilikuwemo," Loretta alisema. "Yeye alikuweka mbele, Dale, kabla ya jina lake mwenyewe."

"Sema, Dale," Stan alisema.

Dale aliilaza bunduki mezani, bado ameishika. Jasho la kidole chake gumba lilikuwa limeacha alama kubwa ya mafuta kwenye mng'aro, karibu na jina la Gene. Mkono wa Loretta ulikwisha chukua flaneli mezani na kupiga hatua kwenda kuifuta, kama ulivyofuta kila kitu miaka ishirini na sita. Akausimamisha. Aliikunja ile flaneli mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akaiacha alama ya Dale palepale ilipo.